Mwalimu Aliyetufundisha Kungoja Chuma Kipoe

Jumatano asubuhi, nikiwa sijamaliza hata chai, simu yangu ilileta habari kwamba mwalimu wa karakana, yule Mhehe mfupi mwenye mikono mikubwa, amefariki dunia nyumbani kwake, kijiji cha jirani na Tosamaganga. Alikuwa amestaafu miaka michache tu iliyopita, na hakuugua muda mrefu. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mistari miwili, na aliyeutuma ni mwanafunzi wake wa zamani, ambaye nitamweleza mbele kidogo kwa sababu bila yeye safu hii haina kichwa wala miguu. Niliweka kikombe chini. Niseme wazi kwamba niliumia. Marehemu hakuwa ndugu yangu, hatukuwa marafiki wa kutembeleana, na katika miaka yote tuliyofahamiana hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita "mwandishi," kwa sauti ile ile ambayo watu wengine hutumia kusema "mgonjwa."

Wasomaji wa siku nyingi huenda wanakumbuka kwamba niliwahi kuandika maneno makali kuhusu vyuo vyetu vya ufundi. Nilikuwa nimetembelea maonyesho fulani hapa Mbeya, nikakutana na kijana wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo ambaye alinieleza kanuni za mwendo na nguvu kwa ufasaha wa kutisha, kisha akahangaika dakika nzima kufungua nati moja. Nilirudi nyumbani mbio nikaandika kwamba tunazalisha mafundi wa karatasi. Watu walinipongeza sana, nami nikavimba kichwa. Siku mbili baadaye simu ikaita.

"Wewe ndiye mwandishi? Kamwene."

"Kamwene, mzee," nikaitikia salamu yake ya Kihehe.

"Umewahi kuchonga chuma?"

"Hapana."

"Hata nati?"

"Hata nati, mzee."

"Basi njoo chuoni. Si mbali na hapo unapoandikia. Uchonge nati moja, halafu ndiyo uandike tena."

Akakata simu. Ningeweza kupuuza, lakini nilikuwa na kiburi, na mtu mwenye kiburi ni rahisi sana kumwita. Nikaenda. Nilifika karakana nimevaa shati la mikono mirefu na tai, kama mgeni rasmi, nikitegemea kutembezwa na kupewa soda. Mwalimu akanizuia mlangoni. "Hiyo tai ikishikwa na mashine inayozunguka, mimi nitamwandikia nini mke wako?" Niliivua. Nikakunja mikono ya shati. Akaangalia viatu vyangu, akatikisa kichwa, akaniletea buti za mtu mwingine zilizonipwaya. Wanafunzi walikuwa wanacheka chini chini, na mimi nilishaanza kujuta kilichonileta.

Nilidhani nitapelekwa kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu chake kikikimenya. Wapi! Nilipewa tupa na pande la chuma lenye ukubwa wa kipande cha sabuni, nikaambiwa nilisugue mpaka nyuso zake zote ziwe bapa na pembe zake zinyooke. Hivyo ndivyo wanafunzi wote wanavyoanza, wiki kwa wiki, kabla hawajaruhusiwa kuwasha chochote. Nilisugua siku mbili. Mikono ilitoka malengelenge, mgongo uliniuma, na kila nilipodhani nimemaliza Mwalimu aliweka rula juu ya chuma changu, akainua mbele ya dirisha, na mwanga ukapita chini yake. "Bado," anasema, anaondoka. Aliyenihurumia alikuwa binti mmoja wa mwaka wa pili kutoka Rujewa, mrefu, mkimya, nywele zake amezifungia ndani ya kofia. Alinionyesha namna ya kusimama na namna ya kusukuma tupa kwa uzito wa mwili wote, si kwa mkono tu. "Usishindane nacho, baba," aliniambia. "Kichukue kidogo kidogo."

Mwalimu mwenyewe, nisimpambe kwa sababu amekufa, hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mgomvi wa vitu vidogo. Spana ikirudishwa ndoano isiyo yake, karakana nzima inasimama mpaka mhusika ajitokeze. Alikuwa na desturi nyingine ambayo sijaiona mahali pengine popote: mwanafunzi akiharibu kipande cha kazi, Mwalimu hakitupi. Anakipiga chapa jina la aliyekiharibu, herufi moja moja kwa nyundo, kisha anakitundika ukutani. Ukuta mzima ulikuwa umejaa. Juu kabisa ya vyote palikuwa na gia moja kubwa yenye meno thelathini na tisa mahali palipotakiwa arobaini, na jina lililopigwa chapa juu yake lilikuwa la Mwalimu mwenyewe.

Siku yangu ya tatu, kwenye saa tatu asubuhi, aliingia mwanamume mwenye koti zito na gunia begani. Alikuwa baba mdogo wa yule binti, ametoka Rujewa alfajiri. Ndani ya gunia mlikuwa na shafti ya mashine ya kukoboa mpunga, yaani ule mhimili wa chuma unaozunguka katikati ya mashine, imekatika pale inapokaa beringi, ile pete ya gololi inayoubeba ukizunguka. Mashine hiyo ilikuwa ya mama wa binti, mjane, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Msimu wa mpunga ulikuwa umepamba moto. Baba mdogo hakukaa hata alipopewa kigoda.

"Hii imekatika mara ya pili," alisema. "Fundi wa barabarani kachomelea, haijamaliza hata wiki. Watu wanahamisha mpunga wao kwa jirani. Sasa mimi nauliza, mwalimu, miaka miwili mnamfundisha huyu mashine, na mashine ya kwao imekufa. Anasoma nini?"

Mwalimu alikuwa anapapasa mahali palipokatika kwa ukucha wa dole gumba. "Tutakuchongea mpya," alisema.

"Nyinyi walimu mkichonga, hiyo haihesabiki. Achonge yeye. Akiweza, aendelee na shule yake. Akishindwa, mimi narudi naye leo hii, akamsaidie mama yake kupepeta. Kwenye familia tumeshaongea."

Mwalimu akamgeukia binti. "Unaiweza?"

"Naiweza, mwalimu."

"Anza."

Alianza vizuri. Alichagua chuma, akakifunga kwenye mashine, akakinyoosha kwa utulivu uleule aliokuwa akinifundishia tupa. Lakini baba mdogo alisimama hatua mbili tu kutoka kwake, anaangalia simu, anahema, anaangalia tena simu. Pampu ya maji ya kupozea kwenye mashine ile ilikuwa imekufa siku nyingi, na wanafunzi walikuwa wakimwagia maji kwa kopo huku kisu kinakata. Kadiri muda ulivyokwenda binti akawa anasahau kopo. Akaanza kumenya kwa pupa. Moshi mwembamba ukawa unapanda, na nyuzi za chuma zilizokuwa zikidondoka zikabadilika rangi kuwa za bluu. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Aliona. Mimi nilimwona akiona, na hakusema neno.

Karibu na saa saba binti alizima mashine, akachukua maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, akabana shafti upande mmoja, kisha upande wa pili. Milimita arobaini barabara, pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Chakula," Mwalimu akatangaza, na sote tukaenda kula ugali na maharage.

Tuliporudi, alimkabidhi binti beringi mpya. Binti akaiweka kwenye ncha ya shafti, ikaingia yenyewe, ikateleza hadi mwisho kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Baba mdogo akapiga makofi. "Safi kabisa! Imeingia vizuri, wala haijagongwa. Haya, funga mzigo, mwalimu asante."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi na baba mdogo hatukulijua, lakini kila mwanafunzi mle ndani alilijua. Beringi inatakiwa iikamate shafti kwa nguvu. Ikiingia kwa ulaini, itazunguka juu ya shafti na kuila, taratibu, mpaka iharibike tena. Niliona nyuso za wanafunzi zimebadilika. Nilimwona binti akichukua maikromita na kupima upya, na uso wake ukasawijika, nami nikaelewa kwamba pana kosa. Nakiri dhambi yangu hapa: nilimwombea anyamaze. Baba mdogo ameridhika, safari iko tayari, shule imesalimika. Nani angejua? Shafti ingekaa mwezi, pengine miwili, na kufikia hapo msimu ungekuwa umekwisha.

"Baba," binti alisema, "hii haifai. Imelegea."

"Imelegeaje? Si imeingia?"

"Nimeipima ikiwa ya moto. Chuma kikipata moto kinavimba. Sasa kimepoa, kimenywea. Imepungua pointi ziro tatu."

"Ndiyo kiasi gani?"

"Haifiki nusu ya unywele."

Baba mdogo akatutazama mmoja mmoja, anatafuta mwenye akili timamu wa kumsaidia. "Nusu ya unywele! Kwa nusu ya unywele unaikataa kazi yako mwenyewe?"

"Itakula, baba. Itakula mpaka ikatike tena, na mama atakuwa amesimama pale pembeni yake."

"Kwa hiyo umeshindwa."

"Hii nimeshindwa. Naomba nichonge nyingine."

Sauti yake ilitetemeka kwenye neno la mwisho, na macho yalikuwa yamejaa, lakini hakuyafuta. Mwalimu akatoka dirishani. "Chini ya benchi kuna kipande kingine cha chuma," alimwambia. "Ni chako, kesho asubuhi." Kisha akamwendea baba mdogo, akamshika mkono kama watu wanavyoshikana wakiamkiana, hakuuachia. "Ndugu yangu, ulisema akishindwa unamchukua. Ni mtoto wenu, sina mamlaka. Lakini nimekaa humu maisha yangu yote. Wanaoweza kuchonga ni wengi. Wanaoweza kusema alilosema huyu, mbele ya mtu aliyekuja kuwachukua, nawahesabu kwa vidole. Lala mjini leo."

Baba mdogo alilala Uyole kwa shemeji yake. Nami jioni ile nilimkabili Mwalimu nje ya karakana, nimekasirika kweli. Nilimwambia alimwona binti akikosea na alinyamaza, na kwamba alicheza kamari na maisha ya mtoto wa watu. Hakubisha. "Ningemwambia, angekuwa amesikia," alisema. "Sasa anajua." Nikamwuliza, je, kama binti angenyamaza? "Ningeikataa mimi hiyo shafti, na wangemchukua." Akafuta uso kwa kitambaa chake chenye grisi. "Usidhani mimi sikutoka jasho, mwandishi." Mpaka leo sijakubaliana naye kabisa. Mwalimu ana haki gani ya kumwacha mwanafunzi atembee hadi ukingoni ili aone kama atasimama? Lakini pia sijawahi kumwona mtu akijifunza jambo kwa kina kile.

Asubuhi iliyofuata binti alichonga upya. Safari hii alimwagia maji kila hatua, na alipokaribia kipimo alizima mashine, akaenda kukaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Baba mdogo akavumilia dakika kumi. "Mbona umekaa?" "Nasubiri kipoe, baba." Akavumilia nyingine kumi. Binti akainuka, akagusa, akarudi kukaa. Alipokuja kupima hatimaye, alimenya mara moja ya mwisho, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na beringi ilipoletwa ikakataa kabisa kuingia. Wanafunzi wakashangilia. Baba mdogo ndiye aliyeshangaa, maana jana iliyoingia ilikuwa mbaya na leo iliyokataa imekuwa nzuri. Wakachukua sufuria la oili, wakaliweka jikoni, wakatumbukiza beringi ipate moto itanuke. "Sasa mnapika?" aliuliza, na karakana nzima ikaangua kicheko, yeye mwenyewe akiwemo.

Nilikwenda nao Rujewa, kwa sababu kufikia hapo usingeweza kunizuia. Mama wa binti alitupokea mlangoni mwa nyumba ya mashine, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia yao wanangoja. Binti aliifunga shafti yeye mwenyewe, na mashine ikawashwa. Mama aliiacha ikoboe gunia la kwanza, la pili, la tatu, kisha akaweka kiganja juu ya kasha la beringi, kama anavyompapasa mtoto paji la uso. "Haina homa," alisema, na machozi yakamtoka. Baba mdogo naye hakumpongeza mtu. Alichukua begi la binti, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la kurudi Mbeya, akalipakia.

Tangu siku ile nimekuwa nikitazama nchi yangu kwa jicho la karakana, na si jambo la kupendeza sana. Tunapenda mno kilichoingia bila kugongwa. Jengo likikabidhiwa kabla ya siku yake tunapiga makofi, mtihani ukifaulisha wengi tunapiga makofi, na anayesema "jamani, hii imelegea" tunamwona mchawi wa maendeleo. Methali ya haraka na baraka sote tunaijua, tena tunaisema haraka haraka. Lakini nadhani tatizo kubwa zaidi ni hofu. Tumewafundisha vijana wetu kwamba kosa ni aibu ya kufukiwa, ilhali mficha maradhi kifo humwumbua. Na mimi nisijitoe. Ile safu yangu ya mafundi wa karatasi niliiandika siku ile ile, damu ikichemka, kwa kumpima kijana mmoja na nati moja iliyoshika kutu. Leo naifuta. Nimechelewa kwa miaka saba, na aliyestahili kuisikia yuko kaburini, na hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Hakuwahi kunidai msamaha. Mara ya mwisho nilipompitia chuoni, karibu na kustaafu kwake, nilimkuta ameketi kwenye dawati la wanafunzi, miwani puani, anajifunza kuendesha mashine mpya ya kukereza inayoongozwa na kompyuta. Aliyekuwa akimfundisha ni yule binti, wakati huo ameshaajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi. Mwalimu alikosea kuingiza namba, mashine ikagoma. "Nimekosea wapi?" aliuliza. Binti akakunja mikono, akakaa kimya. Mzee akaniangalia, akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa tulimzika. Baridi ya nyanda za juu ilikuwa imeshuka kisawasawa, na wazee wa kwaya, ambao aliimba nao besi miaka mingi, kila mara akiachwa nyuma na wimbo, walimwimbia wakiwa wamejifunika mablanketi. Binti wa Rujewa alisimama kwa niaba ya wanafunzi. Sasa ndiye anayesimamia karakana ile. Hakusema mengi. Alisema kwamba mwaka huu, darasa la mwaka wa kwanza lina wasichana tisa kwenye mashine, na kwamba yeye alipoingia alikuwa peke yake. Kisha akashindwa kuendelea, akarudi kukaa, na wanafunzi wakamzunguka.

Baada ya mazishi, tukiwa tumesimama na sahani za wali, mtu alinigusa bega. Koti lile lile zito. Baba mdogo alikuwa amekuja na magunia mawili ya mchele kutoka kwenye ile mashine, yameshaishia kwenye masufuria ya wapishi. Tukasalimiana, tukapeana pole. Akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Mwandishi, wewe uko mjini, unajua mambo. Fomu za kile chuo zinatoka mwezi gani?"

Nilimwuliza anamtafutia nani.

"Wa kwangu wa mwisho. Msichana. Kamaliza kidato cha nne, na mashine anazipenda kuliko chakula."

Sikuweza kujizuia. Nikamwuliza atampa siku moja tu, kama alivyompa mwenzake, au mbili.

Hakucheka. Alitazama upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa wanasawazisha udongo kwa makoleo. "Apewe siku zake," alisema. "Hata akiharibu. Dada yake aliharibu mbele yangu."

Basi wasomaji wangu, wengi wenu mna mtu chini yenu: mwanafunzi, mwajiriwa, mtoto wa ndugu anayesomeshwa. Siku moja atakuja kwenu, sauti inatetemeka, aseme kazi yake mwenyewe imelegea wakati nyinyi mlikuwa mmeshapiga makofi. Msimfukuze kwenye mashine. Huyo ndiye mliyekuwa mkimtafuta. Mpeni kipande kingine cha chuma.